Kona ya Mikono Juu

Mtaa wa Dorr, nyuma ya ukuta
6 Machi

Kaka yangu mpendwa Bogdan,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Marisol, na kwamba lile goti limeacha kuvimba. Sisi huku hatujambo. Mama alibanwa na kifua mwezi wa Januari, akajitibu kwa supu ya kuku na kwa kugombana na daktari, na sasa ana nguvu za kuniita kutoka ghorofani kila nikikaa. Theluji inayeyuka. Kando ya barabara bado ni tope jeusi, lakini nikichungulia dirisha la jikoni naona kijani kwenye nyasi za uwanja.

Haya, umeshakunja uso. Nakujua. Kwenye simu nikitaja ule uwanja wa besiboli wa Hollister tu, unaniuliza habari za paka. Ndiyo maana leo nimeamua kuandika, kwa sababu karatasi haikatwi kama simu. Isome mpaka mwisho, kaka, kisha ukitaka kuitia motoni, itie.

Mwaka jana wenye timu walitangaza kwamba uwanja utakarabatiwa kabla haujatuangukia vichwani. Wakamleta msanifu, mwanamke mwembamba aitwaye Philippa Drummond, mwenye viatu visivyofaa kwa matope yetu. Alizunguka humo wiki nzima na futi yake. Alisema zile nguzo za chuma zinazowaziba macho watu wa safu za nyuma zitaondoka. Ubao wa matokeo, ambao mpaka leo vijana hukaa ndani yake wakichemka na kubadilisha namba kwa mikono, utatiwa taa. Na kile kilima cha upande wa kushoto, ambacho hakuna aliyekipanga, bali ni kifusi cha machimbo ya zamani kilichowashinda wajenzi wa kwanza, kitasawazishwa ili wachezaji waache kuanguka kama walevi wa Jumamosi. Mwisho akasema ukuta wa kulia utanyooshwa.

Maana yake ni kwamba ua wa Mama utaingia uwanjani.

Mama alimkaribisha Philippa jikoni, akamjazia sahani ya pierogi zake za viazi mpaka ikafurika, ndipo akamsimulia habari za Bibi. Wewe unazijua, lakini ungemsikia Mama anavyozisimulia kwa mgeni! Kwamba mzee Hollister alinunua mtaa mzima, nyumba baada ya nyumba, akafika kwa Bibi. Bibi akamwambia ndiyo kwanza amepanda mpeasi, na mti hauachwi kabla haujazaa. Hollister akasema atasubiri. Mti ukazaa. Alipobisha hodi tena, Bibi akamuuliza tangu lini mtu mwenye akili akauacha mti unaozaa. Ikabidi ukuta upinde. Ukaja umenyooka, ukafika kwenye ua wetu, ukaingia uwanjani kama kiwiko, ukatuzunguka, ukatoka tena. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa ile kona iliyojificha, ambamo mpira ukiingia hugonga huku na huku kama panya ndani ya ndoo, na watu wa jukwaa kuu hawaoni kitu.

Philippa alimaliza sahani, akashukuru, akasema kwa adabu kwamba hata hivyo ramani ni ramani. Mama akamjibu kwa adabu ileile kwamba hata hivyo mpeasi ni mpeasi.

Basi ukaitishwa mkutano katika ukumbi wa kanisa la Mtakatifu Kazimiri. Ulijaa mpaka watu wakasimama ngazini. Philippa akatundika mchoro wake, ukuta umenyooka kama uzi. Unamkumbuka Rufus muuza karanga, yule mnene? Alisimama, akainua mikono yote miwili juu. Walioketi nyuma yake wakainua. Kufumba na kufumbua ukumbi mzima umeinua mikono, na watoto wamesimama juu ya viti. Philippa akashangaa, akauliza kama hao ni watu wenye maswali. Rufus akamwambia, "Hakuna swali hapa, mama. Ile ni kona ya Bogdan. Ninyoosheeni mimi, kona iacheni."

Kaka, siwezi kukudanganya. Ulipoondoka mji huu, ile mikono juu ilikuwa ni dhihaka. Nilizisikia kwa masikio yangu zile kelele za "Jisalimishe, Bogdan!", na yule mshenzi aliyekuja kusimama chini ya dirisha letu ameinua mikono usiku kucha, nilimmwagia maji ya vyombo. Lakini ulikwenda zako Tucson, ukaanza kutengeneza mabomba ya watu, ukaapa hutakanyaga tena hapa, na hukuona yaliyofuata. Dhihaka ilizeeka. Wakazaliwa watoto ambao hawakujua kuna aliyewahi kushindwa. Wao wanajua tu kwamba mpira wa wageni ukielekea ile kona, kila mtu anasimama na kuinua mikono, na hiyo ni baraka. Wachezaji wa timu za wageni wanaichukia ile kona kama kodi. Juzi mtoto wa jirani aliniuliza kama Bogdan alikuwa mtakatifu. Nikamwambia hapana, alikuwa akiniibia soksi.

Philippa akakubali yaishe. Kona ibaki na ukuta upinde, ila mbao zake zote zimeoza, kwa hiyo zing'olewe na kujengwe kwa matofali. Kazi ikaanza Februari.

Sasa kaa kitako.

Jumanne moja asubuhi nilikuwa juu kwa Mama, tunakata kabichi, mlango ukagongwa. Alikuwa Amos Tibbs, mkuu wa watunza nyasi za uwanja, yuleyule aliyekuwa akitufukuza na reki tulipokuwa wadogo. Kofia ameishika mkononi kama bakuli. Hakutusalimu, na unajua Amos anavyojua kusalimu. Alikuja moja kwa moja hadi mezani, akaipindua kofia, ukadondoka mpira juu ya kabichi. Mpira mweusi kama kiatu kikuukuu, umebonyea upande mmoja, lakini muhuri wa ligi wa msimu ule bado unasomeka.

Alitueleza kwamba shina la mpeasi, kwa kunenepa, lilizisukuma mbao kutoka nyuma mpaka zikaachana. Vijana wake walipong'oa ubao wa tatu kutoka pembeni, kimo cha goti, wakaukuta mpira umepenya nyuma yake, pasipoonekana kutoka uwanjani, umebanwa katikati ya ubao na shina, na mti umeanza kuukumbatia kwa gome. Ikabidi watumie patasi. "Alisema kweli," Amos akawa anarudia, na machozi yanamtoka bila haya. "Yule kijana alisema kweli. Ulinasa, bwana! Ulinasa!"

Ile siku niliiona tena yote. Mchezo wa mwisho wa Septemba, mshindi anaendelea na mshindwa anakwenda kuvua samaki. Tumelingana. Mpigaji wa wageni anaupiga mpira unakwenda kulia, unaingia konani, na wewe nyuma yake. Kisha unasimama, unageuka kumtazama mwamuzi na kuinua mikono juu, kama kila mchezaji afundishwavyo tangu utotoni. Mpira ukinasa ukutani usiuguse, inua mikono, mchezo unasimama na mkimbiaji anapewa kituo cha pili tu. Mwamuzi anakuja mbio, anatazama, na mpira huo hapo, umelala kwenye nyasi nyuma ya visigino vyako, huru kabisa. Na mkimbiaji ameshazunguka vituo vyote hadi kituo cha nyumbani. Tulishindwa kwa pointi hiyo moja. Miaka ishirini na mitatu umesema ulinasa, na miaka ishirini na mitatu watu wamekujibu, sasa uliokuwa kwenye nyasi ni yai?

Hilo ndilo swali nililouliza pale mezani. Kama huu ndio mpira uliopigwa, ule wa kwenye nyasi ulitoka wapi?

Mama akainuka, akaiendea sufuria mekoni, akaanza kukoroga. Alikoroga kwa bidii sana. Nami nikakumbuka kwamba ile sufuria mimi ndiye niliyeiosha, na haikuwa na kitu.

Nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita tena, nikamwambia, "Mama, hebu weka mwiko chini."

Alirudi akakaa, akafuta mikono kwenye aproni ambayo ilikuwa kavu, na akasema yote. Siku ile alikuwa kwenye kibaraza cha juu akianua nguo, redio inasema pembeni. Akasikia paa! kwenye mbao zetu. Akatazama chini, akaona mpira chini ya mpeasi. Akajua ni huohuo umeruka ukuta. Kumbe ulikuwa wa mazoezi ya asubuhi, mmoja wa ile mipira inayotuangukia kila siku na kutuvunjia vyungu vya maua. Lakini yeye atajuaje? Alichowaza ni kwamba mtoto wake yuko upande wa pili anahangaika kuutafuta. Wewe unajua desturi ya nyumba hii, mpira wa wageni haulali kwetu, hurudishwa uwanjani. Mama akashuka ngazi mbio, akauokota, akaurusha juu ya ukuta.

"Nilikuwa namsaidia," alisema. "Nikasema, mwanangu anautafuta, na mimi ninao. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Kaka, wewe ulikuwa umesimama na mikono juu, macho kwa mwamuzi, na mama yako mzazi anakurushia mpira nyuma ya mgongo.

Alirudi kibarazani akasikia redio inasema mpira ulikuwa kwenye nyasi. Akakaa ngazini. Nguo zikanyeshewa. Nilimuuliza kwa nini hakusema, akanijibu kwamba angesema, nani angemwamini? Wangesema mama anamtetea mwanawe, wangekucheka mara mbili, na jina lake lingeingia gazetini pamoja na lako. Baadaye akawa hana hata uhakika na macho yake mwenyewe. Kila Krismasi unapomtumia tiketi, anapanda ndege na maneno haya mdomoni, na kila Krismasi anarudi nayo. Badala yake anakuachia jamu ya mapeasi. Sasa unajua kwa nini mitungi huongezeka kila mwaka. Marisol aliniambia hamna tena pa kuiweka.

Nilitaka kukasirika, na kwa dakika nzima nilikasirika kwelikweli, maana ni wewe uliyeubeba mzigo huo, si mimi. Kisha nikamwona Amos ameuma midomo, mabega yanatikisika. Nikasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," na hapo tukapasuka. Tulicheka mpaka Mama naye akaanza, huku analia, huku anatupiga na kitambaa, anasema tumche Mungu. Sijacheka hivyo katika nyumba hii tangu Baba alipofariki.

Jumapili alivaa koti lake la Pasaka, akamwomba kasisi dakika tano baada ya misa, akasimama mbele ya watu wote na ule mpira mkononi, na akasema. Hakuacha hata neno. Alimaliza kwa kusema, "Mmemcheka mwanangu bure. Wa kuchekwa ni mimi, nichekeni." Hakuna aliyecheka. Rufus alikuwa wa kwanza kuinua mikono, kisha wote, na kasisi pia, bado amevaa mavazi ya misa. Mama alisimama pale mdogo kama kifaranga, hajui atazame wapi.

Gazeti limeandika. Timu imeandika pia, barua yao utaipata, ina maneno mengi mazuri ya watu wa ofisini. Kwa kifupi wanakuomba urushe mpira wa kwanza siku ya ufunguzi, tarehe tisa Aprili. Philippa naye kaja mwenyewe kuaga. Kona iko palepale, matofali mekundu, na amekizungusha kiwiko cha ukuta hatua moja zaidi ndani ya uwanja ili mpeasi upumue. Alisema katika kazi yake hajawahi kuchorewa ramani na mti.

Sikulazimishi. Lakini nilimuuliza Mama nikuandikie nini kutoka kwake. Nikadhani ataniambia niombe msamaha kwa niaba yake, na nilikuwa tayari kumwambia aombe mwenyewe. Akasema hivi, nami naandika kama alivyosema: "Mwambie aje. Nitakaa kibarazani mchezo mzima na mikono yangu yote miwili juu, kila mtu aone sina mpira."

Msalimie sana Marisol, na majirani zako wote wenye mabomba yanayovuja. Amos anakusalimu na anasema usikanyage nyasi zake mpya kwa viatu vya mjini. Chumba chako kimefunguliwa madirisha, na shuka ziko kwenye kamba.

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Jadzia