Makovu ya Mti wa Dada Hadija

Dada, shikamoo. Najua huitikii, lakini nikianza bila shikamoo utasema Singano amekosa adabu hata kwa walio udongoni.

Ukungu leo umeshuka mpaka mlangoni kwako. Nimekaa kwenye kizingiti, na kila anayepita njiani naona kama ni wewe unarudi na kikapu. Basi nakuandikia hapa hapa, kabla haujainuka.

Tulipata ugeni, dada. Wakubwa wa mkoa wanatafuta kampuni za dawa na maabara zije zikae kwetu. Ikaja moja inayochunguza mimea, na kati ya wageni watatu mmoja ni Zaina wako! Zaina wa koti jeupe, wa maabara za Dar es Salaam. Akaninong'oneza: "Mjomba, wanachagua kati ya hapa na mjini. Wakichagua hapa, narudi. Nafungua nyumba ya mama." Walitaka mtu wa kuwaonyesha ule mti wako wa homa. Jina silitaji, karatasi haina siri.

Nani alinyoosha mkono? Mimi, wa darasa la tano! Nikawaambia miti yote ya msitu huu huniamkia nikipita. Nikawaambia kule Mlola, mwezi wa sita, jogoo akiwika sauti inaganda kwa baridi, tunakuja kuisikia mwezi wa nane jua likichomoza. Mmoja akaandika!

Ulikuwa ukisema, "Singano, mdomo wako hufika Mlola miguu ingali Lushoto." Ikatimia. Miaka yote ulipokuwa unanifundisha, mimi nilibeba kikapu, na ukiinama kuchimba mizizi, mimi nalala. Mti wa kwanza niliowaonyesha, sio. Wa pili, Zaina akanusa jani akasema polepole, "Mjomba, huu ni mparachichi." Wageni wakaanza kutazama saa. Dada... niliona kufuli la mlango wako likiota kutu mbele ya macho yangu.

Nikaegemea mti mmoja kupumua. Mkono ukagusa kovu.

Kovu la gome, usawa wa kifua changu, ndio usawa wa bega lako, maana ulikuwa mfupi. Nikazunguka: jingine. Moja linatazama mawio, moja machweo, na matope uliyopaka bado yamo kwenye mikunjo, gome jipya limeyakumbatia. Nani mwingine hapa hufunga jeraha la mti kama la mtoto? Ndio wenyewe, mti wako wa homa! Ukungu ukapita katikati yetu, na wallahi nilisikia harufu ya khanga yako yenye moshi wa jikoni. Hii si ya jogoo, dada. Hii ni kweli.

Mkubwa wao akauliza, "Mzee, kumbe bingwa mwenyewe ndiye wewe?"

Mdomo ulishafunguka. Lakini Zaina alikuwa amepiga magoti, kiganja juu ya kovu. Nikasema hapana. Ni dada yangu Hadija, mama wa huyu. Mimi nilibeba kikapu. Nikawapa masharti yako: kuomba kwanza, kubandua pande mbili tu, kisha matope. "Mti ukiuomba unakupa, ukiuibia unakusahau." Yule mkubwa akavua kofia, akauambia mti, "Shikamoo." Sikucheka. Kidogo tu.

Jibu limefika wiki hii. Wanaanza na maabara ndogo hapa Lushoto, na masharti yako yamo kwenye mkataba na kijiji, chini ya jina lako. Zaina anasema mjini kuna umeme usiokatika na barabara pana; kilichowaleta huku ni makovu yaliyopona.

Yuko ndani sasa, anafagia. Jiko lako linatoa moshi.

Pumzika, dada. Naahidi, atakayeuliza nani alileta maabara, sitasema mimi. Nitakutaja wewe. Itaniuma, lakini nitakutaja.

Ila jogoo wa Mlola ni wangu. Huyo niachie.

Mdogo wako, mbeba kikapu,
Singano