Mimi Ndiye Kura ya Kumi na Tatu

Maman Consolate mpendwa, naomba unisikilize kabla sijapasuka. Naishi mtaa wa Muhumba, nashona nguo, na katika parcelle yetu, ua mmoja wa familia nzima, tuko wapiga kura kumi na watatu, sita wanamtaka mgombea wa mume wangu Patrice, sita wanamtaka wa shemeji yangu Venant, na radio inasema hata nchini wagombea hao wamekabana koo, sasa nimebaki mimi, ambaye tangu niseme sijaamua nimekuwa malkia, Patrice anateka maji mwenyewe, Venant ametengeneza paa la jiko lililovuja misimu miwili ya mvua, kila mmoja kaniletea kitenge chenye uso wa mtu wake nami nikapokea vyote, nakiri, lakini kweli sijaamua, kwa sababu kwenye mikutano yao yote miwili ya kampeni niliinua mkono nikauliza bomba la mtaa wetu litatoa maji lini, nikajibiwa kwa ngoma, na jana Venant kaniambia, "Mama Joviale, kule ndani ya chumba cha kura upige foto ya écran ya mashine, unitumie," Patrice akasikia, akawaka: "Foto atatuma kwangu! Uko muke yangu ao uko muke ya nani? Ukikosa, utarudia kwenu Nyantende." Tunapiga kura Jumatano. Nimekasirika mpaka sindano inanichoma vidole. Nifanye nini?

Mama Joviale

Mama Joviale, kwanza nikugombeze. Vitenge viwili! Umewaacha wanaume wawili wadhani kichwa chako kinauzwa kwa mita. Virudishe leo, hata kama umeshavikata.

Pole kwa vitisho, lakini usijione mnyonge. Kuuliza si ujinga. Wenzako kumi na wawili wangeuliza pia kabla ya kuanza kucheza, wagombea wangeogopa kujibu kwa ngoma. Basi leo, wote wakiwa mezani, uliza tena. Anayetaka kura yako alete jibu la maji.

Foto? Hapana! Kura ni siri, na sheria iko upande wako. Jumatano acha simu nyumbani, chukua kadi yako, nenda. Mbele ya mashine hakuna mume wala shemeji.

Na Nyantende hutarudi. Mwambie Patrice alikuoa wewe, hakuoa kura yako. Akirudia tishio hilo, mwite parrain wenu, msimamizi wenu wa ndoa, alirudie mbele yake tumwone.

Ukitoka kupiga kura, watakuuliza umemchagua nani. Mpe kila mmoja bidon yake ya kutekea maji, umwambie bomba bado halijatoa maji.