Baridi Iliyoufunga Mti

Mdogo wangu Biira,

Nimekupigia tena asubuhi hii kabla sijafungua duka. Simu haiiti. Tangu Jumapili haiiti. Mama anasema unasoma, niache wasiwasi, halafu yeye mwenyewe haoshi sahani mbili bila kuniuliza kama umejibu. Basi nakuandikia. Ukinicheka nicheke tu, mradi usome.

Unaikumbuka ile Krismasi ya kule nyumbani Bwera, mvua ilipogoma kukatika? Ukungu ulishuka kutoka mlimani ukakaa, na Desemba yote ilikuwa ya masweta. Baba alikata tawi kubwa la msaiprasi kwenye ua wa kanisa, kama kila nyumba ilivyofanya, akalisimamisha sebuleni ndani ya debe la mchanga. Ukalipamba kwa pamba na baluni. Hukutaka mtu mwingine aliguse, wewe na kiburi chako.

Kifua kilipoanza kukubana, sote tulijua wa kulaumiwa. "Ni baridi ya mulima," Mama akasema. "Mufunge madirisha, mulete sigiri." Tukafunga. Tukakuvika sweta juu ya sweta, tukakukalisha kwenye joto la hilo jiko la makaa, kando ya mti wako. Kifua kikazidi kupiga filimbi, nasi tukazidi kuongeza makaa. Tulikupenda, Biira, na nusura tukuue.

Mama alipoinama kukufunika, kitenge chake kiligusa tawi. Unga wa njano ukafumka kama moshi. Akautazama mkono wake, akaitazama midomo yako iliyokuwa imegeuka rangi, akampigia Baba kelele: "Baba Masika, iko hii muti! Mutoto anakosa pumuzi!"

Baba akaurukia mti auburute nje. "Usitikise!" Mama akamkemea. "Beba mutoto!" Akakubeba mbio hadi kwenye mvua, ile ile tuliyokuwa tunakuficha. Nilisimama mlangoni, hata kuomba nimeshindwa. Maji yalikutiririka usoni, kisha ukavuta pumzi ndefu, ukalia. Sijawahi kufurahia kilio namna ile.

Ni wewe uliyenieleza sababu, miaka mingi baadaye, ukiwa huko Ulaya. "Dada, baridi ilikuwa inanilinda," uliniambia. Kwenye baridi na unyevu mti hujifunga na chavua yake, ule unga wa njano, na mvua huuangusha chini usiende mbali. Sisi tuliuingiza mti ndani tukaukausha kwa makaa, ukafunguka wote. Ukaniambia na habari za miti ya huko. Majira ya baridi yakiwa mepesi, inaamka mapema na kumwaga chavua kidogo kidogo. Yakiwa marefu na makali, inangoja, halafu likija joto la kwanza na upepo mkavu, inamwaga yote kwa pamoja na mji mzima unaivuta.

Sasa niambie, mwalimu wangu, ujumbe wako wa Jumapili ulikuwa na maana gani? "Hatimaye jua! Baridi ya mwaka huu ilikuwa ndefu mno. Watu wote wako nje, naenda msituni na wenzangu." Na picha ukaituma. Mama aliona tabasamu lako, akaionyesha kwa majirani. Mimi niliona miti yenye magome meupe nyuma yako, imening'iniza vishada vya njano hadi begani kwako.

Nina hasira nawe. Najua jua linavyotamanisha baada ya miezi ya giza, lakini ulibeba pampu yako ya pumu? Wenzako wanajua ukianza kunyamaza ndiyo hatari? Baba amenipigia kutoka Nyakiyumbu akiuliza habari zako, nikamwambia ni mtandao. Hakuniamini. Naogopa, Biira, naogopa vibaya sana.

Sitaki maelezo wala samahani. Kama huwezi kuongea, pokea tu, uweke simu karibu na mdomo. Nitanyamaza nikusikie ukipumua.

Dada yako mkubwa,
Masika