Kushoto, Mjomba

Lodwar, Jumanne, Februari 2013

Kwenye mchezo wa mbio za magari wa kompyuta sikuwahi kukosea. Mjomba alishika usukani uliofungwa mezani, mimi nikamsomea kona zinazokuja kutoka daftarini, na chumbani kulikuwa kimya.

Leo tulitoka na gari lenyewe, barabara ya Kakuma. Injini ilimeza sauti yangu. Tena kila mara nilianza, "Samahani, mjomba, kushoto," na kona ilikuwa imeshapita. Tukaishia kwenye mchanga wa mto mkavu.

"Ndani ya gari mimi si mjomba," alisema akichimbua tairi. "Nipigie kelele, ama Jumamosi mashindanoni nitabeba msomaji mwingine."

Sijawahi kumpigia mtu mzima kelele. Wakati wa kurudi nilipiga: "Kulia! Punguza!" Akapunguza.

Tulipofika nilimwomba msamaha. Alicheka tu, akanipa helmeti ya Jumamosi nijaribu. Koo bado linauma.