Lavinia Trumbo Barrenetxe, Mwalimu wa Kuruka Viunzi: Mwaka Bila Yeye

Mwaka umetimia sasa, Mama, tangu asubuhi ile ya Machi ulipoketi kwenye kizingiti cha banda la farasi ili uvae buti la pili, na hukuinuka tena. Daktari kule Boise alisema mshipa ulipasuka kichwani na kwamba hukupata muda wa kuumia. Tulimwamini, kwa sababu uso wako ulikuwa ule ule wa kila siku, wa mtu mwenye haraka zake.

Naandika mimi, Maite. Baba alijaribu mara mbili, na mara zote mbili akaishia kuandika habari za kondoo. Ndugu yangu Iker amenionya nisikugeuze malaika, maana watu wa hapa Emmett wanakujua vizuri.

Haya, hukuwa malaika. Kabla ya kahawa hukusemeshwa. Lori lenye trela la farasi uliliendesha kama mtu aliyechelewa harusi yake mwenyewe. Mchuzi wa kondoo wa bibi, mama yake Baba, ulikushinda miaka yote, na kila Krismasi bibi alikuambia kwa upole kwamba safari hii umekaribia. Lakini farasi wa mtu mwingine akifika uwanjani na singa za shingo yake hazijasukwa, ulimsuka wewe, hata kama dakika kumi baadaye angeshindana na farasi wetu. Hukusubiri kushukuriwa. Ulikuwa umeshaondoka.

Ulizaliwa Virginia, "kwenye majani," kama ulivyopenda kusema. Kule walijenga viunzi vya magogo na mawe katikati ya malisho, kimoja mbali na kingine, na farasi alitakiwa aende shoti ya kweli, kwa sababu jaji wa kule alijiuliza jambo moja tu: je, mnyama huyu angenirudisha nyumbani salama baada ya kutwa nzima nyuma ya mbwa wa kuwinda?

Kisha akaja Baba kutoka Idaho kununua kondoo dume, nawe ukamfuata huku na farasi mmoja wa kijivu. Mashindano yako ya kwanza yalikuwa Caldwell. Uwanja ulikuwa wa mchanga, umezungushiwa vyuma, na ng'ombe dume wa rodeo, ule mchezo wa kupanda ng'ombe wakali, walikuwa wananguruma upande wa pili wa ukuta. Ukamwachia farasi hatamu kama ulivyofundishwa kwenu. Mlikuwa watano, nawe ukawa wa tano. Jaji, mzee mmoja wa Kalifonia, alikuita pembeni akakuambia, "Farasi mzuri sana, bibie. Ila alikuwa anakimbizwa na nani?"

Baba anasema alidhani utalia njiani. Ulicheka mpaka mji wa Middleton. Kisha ukasema itabidi ujifunze kuhesabu. Huku magharibi umbali kati ya kiunzi na kiunzi umepimwa, na farasi lazima aumalize kwa hatua tano, si nne wala sita, taratibu, bila kuinua kichwa. Basi ukahesabu. Tulikua tukikusikia ukihesabu dukani kati ya rafu za unga, ukihesabu kanisani ukienda kupokea komunyo.

Hukusema hata siku moja kwamba kwenu ni bora. Uliwaambia wanafunzi wako mambo yalivyo, basi. Virginia watatazama shoti ya farasi na mgongo wake anaporuka. Kalifonia watahesabu hatua na kutazama kama ametulia. Florida wakati wa baridi utakuta farasi mia ambao wote wangeshinda kwenu, na wote watapangwa nyuma ya mmoja. Oregon mvua itakuingiza ndani ya jengo lenye kona kali. Na hapa kwetu tunapanda na buti zile zile za asubuhi zizini, na jaji anamjua shangazi yako. Hayo yote ni mashindano ya mwendo, ambamo jaji humpa farasi alama kwa jinsi anavyokwenda. Yapo pia mashindano ya saa, ambamo hakuna anayejali sura, mradi usiangushe mti wa kiunzi na ufike mapema.

Wengi wamesikia habari ya Renata Skoglund, na wengi wameisikia vibaya. Iker anasema ielezwe hapa.

Renata alikuwa na miaka kumi na sita, binti wa Karsten Skoglund mkulima wa viazi, na farasi wake jike aliitwa Juniper. Miaka miwili mfululizo walikuwa wa kwanza kwa pointi katika majimbo yetu, kwenye mashindano ya mwendo. Karsten akataka waende kwenye mashindano makubwa ya jangwani, Kalifonia, wiki sita za baridi. Ulimwambia mapema kwamba pointi za kwetu hazivuki mpaka wa majimbo yetu. Hapa Juniper alishinda mbele ya farasi kumi na wawili, na majaji wetu waliupenda uchangamfu wake. Kule wangekuwa zaidi ya hamsini, na uchangamfu ungeitwa ukaidi. Karsten alikusikia, akalipia vibanda vya farasi kule hata hivyo.

Wiki mbili zikapita bila utepe wowote wa ushindi. Juniper alisimamisha masikio, alitikisa mkia mara moja, na majaji wakaandika walichoandika. Ndipo mwalimu wa banda jirani akamnong'oneza Karsten kuhusu sindano ya kutuliza, inayopigwa asubuhi na ambayo kipimo hakiioni. Nilikuwepo nikijaza maji Karsten alipokuja kwako.

"Lavinia, hapa kila mtu anafanya. Kwa nini mwanangu tu ndiye ashindwe?"

"Mwanao anakaa juu ya mnyama huyu akiruka," ukamjibu. "Nataka farasi ajue miguu yake iko wapi."

"Basi wewe ni mwalimu wa kijijini tu."

"Ndiyo. Hilo nilikuambia tangu nyumbani."

Jioni ile ile alimhamishia Juniper banda la jirani. Renata aliambiwa ni kwa sababu ya ratiba.

Jumamosi Juniper alizunguka uwanja kama farasi wa kuchorwa, akawa wa tatu kati ya hamsini na wawili. Renata alikuja mbio kukuonyesha utepe wa manjano. Alikuwa bado na kofia kichwani. Ulimpongeza, kisha ukamuuliza alimsikiaje farasi chini yake.

"Mzito kidogo, Bi Lavinia. Kama aliyetoka usingizini."

Ukanitazama. Nilitikisa kichwa, nikikuomba unyamaze. Hukunyamaza, wala hukupaza sauti.

"Renata, asubuhi farasi wako alidungwa sindano. Mimi nilikataa, baba yako akakubali. Una umri wa kujua."

"Baba hawezi," akasema.

"Kamuulize."

Alikwenda kumuuliza. Saa moja haikupita, akaurudisha utepe ofisini kwa mkono wake mwenyewe na kueleza sababu. Matokeo yakafutwa, na Karsten akazuiwa kukanyaga mashindano kwa miezi minane. Alikuja kukuambia kwamba umemwaibisha mbele ya mtoto wake. Uliendelea kukunja mablanketi.

Njiani kurudi, Nevada nzima nilikulaumu, Mama. Nilisema ungemwambia baba mtu peke yake, ungesubiri tufike nyumbani, ungeacha. Ulinisikiliza mpaka mji wa Winnemucca. Kisha ukasema, "Sijui kama nimefanya vyema, Maite. Ninachojua, ningenyamaza nisingeweza kumfundisha tena."

Lakini hakuwa mwanafunzi wako tena, na tukafika tukakuta habari imetutangulia. Familia sita ziliondoa farasi wao. Walisema unatia fitina kati ya mzazi na mtoto. Kiangazi kile ulisimama kiwandani ukipanga matunda ya cheri kwenye masanduku, wewe uliyekuwa na mikono ya kusuka singa, na jioni ulifundisha watoto watatu waliobaki. Nilikuona mara moja umeegemea trela tupu. Sikukuuliza kitu. Leo najuta.

Renata alirudi alipotimiza miaka kumi na minane. Aliingia uani akivuta trela, akashuka, akasema, "Baba kasema farasi ni wangu, nimpeleke nitakako." Ulimzunguka Juniper mara mbili, ukampapasa miguu.

"Tumemkosea kwa kumtaka awe mpole," ukasema. "Tumpeleke kwenye saa."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwenye saa hakuna aliyemuuliza habari za mkia. Alikwenda shoti ile ya kwenu, akakunja kona za Oregon kana kwamba amezaliwa ndani ya jengo, na kwa misimu mitatu wapinzani wake walikuja kumtazama akipasha misuli moto. Watu wakaanza kurudi bandani mmoja mmoja. Si wote.

Karsten hakukusalimu kwa miaka minane. Mwaka wa tisa, Julai, alileta gari zima la nyasi kavu, akazipanga ghalani mwenyewe, akaondoka bila kuingia ndani. Akafanya hivyo kila Julai. Hukumuuliza. Ulimtuma Iker ampelekee kahawa, naye aliinywa akiwa amesimama.

Kwenye mazishi alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi. Watu walipokuwa wanatawanyika alimfuata Baba, akamwambia maneno haya, na Baba ameruhusu yaandikwe:

"Alimwambia binti yangu jambo lililokuwa langu kulisema. Nilimchukia kwa hilo, Justo. Halafu nikaona binti yangu bado ananiuliza mambo, na majibu yangu anayaamini."

Baba akamshika mkono, akamketisha mezani pamoja na sisi.

Mama, banda liko salama. Iker anafundisha, na anapiga kelele kuliko wewe. Juniper amezeeka, anakula na kulala juani. Renata ni daktari wa mifugo sasa, na ndiye anayemtazama meno. Jumamosi hii mazoezi yapo saa tatu asubuhi kama kawaida. Tulifikiria kuyaahirisha, tukaona ungetugombeza.

Unakumbukwa na mumeo Justo; sisi wanao Maite na Iker; mkweo Sunniva; mjukuu wako Ander, ambaye ameanza kuhesabu; dada yako Cordelia Trumbo wa Virginia, ambaye bado anasema ungezikwa kwenye majani; wanafunzi wako wa Emmett na Caldwell; Renata Skoglund; na Karsten Skoglund, aliyetuomba jina lake liwe la mwisho.

Hatuna siku ya kukusahau.