Mume Wangu Alimtaja Mtengeneza Meno

Mpendwa mshauri, wiki ya tatu sasa neno hili limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, naomba unisaidie kulitoa. Mume wangu ni mpaka rangi wa nyumba, na mwaka jana alikamatwa akiwa na misokoto miwili ya bangi, mpelelezi mmoja akamwambia ataachiwa iwapo atakuwa anawapa majina ya wauzaji wa dawa za kulevya, naye akakubali, akataja wawili aliowajua kweli, kisha majina yakamwishia lakini simu za mpelelezi hazikuisha. Basi akamtaja Mzee Meno, jirani yetu anayetengeneza meno ya bandia, akasema watu huingia kwake wamefunika midomo na ndani kuna magunia ya unga mweupe, na mshauri, unga wenyewe ni plasta ya kutengenezea umbo la ufizi, mtaa mzima unajua, hata mama mkwe wangu anatafunia meno ya mzee huyo! Saa nne asubuhi naanika nguo, nikaona askari sita wanavunja mlango ambao hata haukufungwa, mzee akatolewa mkono wa kulia umevunjika, anawauliza, "Wanangu, si mngebisha hodi?" Hadi leo yuko mahabusu, eti wanasubiri majibu ya maabara. Nilipombana mume wangu akanijibu, "Ningemtaja nani? Mzee hana watoto wadogo, nikaona hataumia sana." Sasa wanataka jina jingine kabla ya Ijumaa, na juzi tukiwa mezani aliniuliza kama fundi friji wa nyuma yetu ana ndugu wakubwa serikalini. Nikisema, mume wangu atafungwa na ndugu zake wataniita msaliti, nikinyamaza Ijumaa ni zamu ya fundi friji, nifanye nini?

Mke wa Mpaka Rangi

Mke wa Mpaka Rangi, pole. Lakini wiki tatu, mama! Mzee wa watu analala sakafuni na mkono uliovunjika, nawe unajua kilichomo kwenye magunia yake.

Mumeo si katili, ni mwoga, na mwoga akibanwa hutaja yeyote. Mpelelezi alipaswa kulijua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Anayenunua uhuru wake kwa majina, siku yakimwishia atauza hata la mama yake. Kuwahoji wateja wawili tu wa mzee kungetosha, askari wakachagua nyundo. Kosa lao ni kubwa, ila halifuti la kwenu.

Unaogopa kuitwa msaliti? Aliyesalitiwa yuko mahabusu.

Leo hii mkalishe mumeo mbele ya mama yake, si chumbani ambako atakubembeleza, umwambie, "Kesho tunakwenda." Msiende kwa mpelelezi yule, maana ana kila sababu ya kuchana karatasi ya maelezo yenu. Nendeni ofisi ya msaada wa kisheria. Nimemsomea barua yako mwanasheria wa huko bila kukutaja, naye anasema mumeo akija mwenyewe akaandika maelezo ya kiapo, mzee ataombewa dhamana wiki hii hii, na mumeo naye atapata wa kumtetea. Mpelelezi akipiga simu, jibu ni moja: "Sina jina." Na fundi friji umwonye wewe, kwa mdomo wako.

Mumeo akikataa, chukua kitambulisho chako uende peke yako. Shahidi mmoja anayesema kweli anatosha kuanzia.