Mguu wa Nane wa Bibie

Mikumi, Jumapili asubuhi

Dada Mwajuma,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza na neno lingine kabla ya hilo. Ulinifundisha mwenyewe, kwa kofi, nikiwa na miaka sita, pale mlangoni mwa jikoni kijijini kwetu Ulaya, Ulaya yetu hii ya mkonge, si ya Wazungu, kwa sababu nilikupita bila kukusalimu. Haya, nimekusalimu. Sasa nisikilize, maana nina malalamiko.

Bibie yu hai.

Amekaa hapa mezani mbele yangu, ndani ya ile chupa kubwa ya pipi uliyoiomba kwa muuza duka ukaitoboa kifuniko kwa msumari. Buibui mpana kama kiganja changu, manyoya yake rangi ya udongo uliolowa, ametulia kama mtu aliyelipa kodi ya mwaka mzima. Mimi ndiye mwenye gesti hii. Nilianza na karai moja la maandazi, nikiwauzia madereva wa malori kandokando ya lami, hadi nikafikisha vyumba sita vyenye umeme. Lakini ukituangalia sisi wawili, utadhani yeye ndiye mwenye nyumba na mimi mpangaji.

Acha nikukumbushe alivyoingia, kwa sababu mimi sikumwomba. Shamba la mkonge lilipopata mwekezaji, mlipunguzwa kazi, wewe karani wa miaka kumi na saba. Mkapewa kiinua mgongo. Wenzako walinunua cherehani, wengine baiskeli, wengine marobota ya mitumba. Wewe ulikwenda Ulaya siku ya gulio ukamkuta yule wakala wa kutoka Dar, amekaa nyuma ya gari na vibweta vyake vya plastiki, ananunua vinyonga na buibui wa kupelekwa ng'ambo. Ulinisimulia mara nyingi, na kila mara ulicheka mahali pale pale. Mzee Kibwana kaleta buibui aliyemchimba kwenye shimo. Wakala kahesabu miguu. "Saba. Pungufu sichukui." Mzee Kibwana akavua kobazi amponde. Na wewe, dada yangu mtu mzima, ukasema, "Usimpige. Unaniuzia bei gani?"

Ulimnunua buibui kwa bei ya doti moja ya khanga. Mwenye akili timamu, tena buibui pungufu.

Ulipokuja kukaa kwangu, figo zikiwa zimeshaanza kukusumbua, ulikuja na begi moja na chupa. Nikakupa chumba cha nyuma. Nikakuambia, begi liingie, mdudu abaki nje. Ukanijibu, "Hadija, huyu hali ugali wako." Nikacheka, nikashindwa. Siku zote ulikuwa unanishinda kwa kunichekesha.

Na kweli hali ugali. Anakula panzi wawili kwa wiki, wakubwa, wazima, wa majani yasiyopigwa dawa. Maji kwenye kifuniko cha soda. Udongo chini uwe na unyevu, juu uwe mkavu. Jua la moja kwa moja hapana. Kumshika hapana, maana anauma, na vidole vyangu ndivyo vinavyokanda unga. Nilijifunza yote kwa kukusikia ukimsemesha. Ulikuwa unamwambia, "Bibie, maji yako haya," kama unamhudumia mkwe.

Lakini kulikuwa na jambo moja ulilonificha hadi siku niliyoingia na bomba la dawa ya kunguni. Ukanyanyuka kitandani, wewe uliyekuwa hata kikombe hushiki vizuri, ukasimama katikati ya mlango. "Ukipuliza humu anakufa. Ukipuliza chumba cha pili, harufu inapita darini, anakufa vilevile." Nikaweka bomba chini. Tangu siku hiyo gesti yangu haikupulizwa dawa. Unajua madereva wanavyosema? "Kwa Hadija unalipia kitanda, kunguni bure." Vyumba sita vilivyokuwa vinajaa vikawa vinne, kisha viwili. Nilihesabu kila asubuhi na sikukuambia, kwa sababu ulikuwa mgonjwa. Leo nakuambia.

Miezi saba nilikuuguza. Sikudai shukrani, wewe ndiye uliyenilea mama alipoolewa tena Lumuma. Nilikuogesha, nilikulisha, na kila Ijumaa nilikwenda nyuma ya shule kukamata panzi na kitenge kiunoni, watoto wa darasa la tatu wakinipigia makofi kila nikimkosa mmoja. Mwanamke wa miaka arobaini na moja.

Halafu Mama Zaituni, rafiki yangu wa tangu enzi za maandazi, akaniletea habari kutoka Morogoro. Kapata nyumba karibu na stendi, chini mgahawa, juu vyumba vinane. Anataka mshirika. Nilikuwa nimeingoja nafasi hiyo tangu nina karai moja. Nikakuuliza. Ukasema, "Nenda, Hadija. Siku mbili hazimuui mtu."

Nilikwenda. Siku ya pili nikiwa narudi, basi likasimama Doma watu wanunue nyanya, na mimi nikanunua kikapu kizima kwa sababu ulipenda mchuzi mzito. Niliposhuka Mikumi nikaona viti vimetolewa nje.

Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Kile kikapu sijui kiliishia wapi.

Tulikuzika Ulaya, karibu na baba. Nikarudi, na kwa mazoea tu nikaendelea na wale panzi. Lakini Bibie hakula. Wiki ya kwanza nikamtolea panzi, wakaoza. Wiki ya pili vivyo hivyo. Nilihesabu: siku thelathini na moja bila kula. Akawa mweusi, mzito, hatembei. Nikasema moyoni, huyu naye anamfuata mwenyewe. Nisamehe, Dada, nilifurahi. Nikanunua dawa ya kunguni chupa nne, nikaziweka tayari chini ya kaunta.

Arobaini yako ilipofika nilibeba vitu vyako kupeleka nyumbani vigawanywe: khanga, redio, sufuria mbili, na ile chupa. Nilikuwa nimepanga nimtupe huko huko alikotoka. Asubuhi tunapanda gari nilimtazama nikamkuta amelala chali, miguu saba juu. Nikasema, imekwisha.

Sasa kumbuka watani wetu walivyo. Chausiku wa Lumuma alikuja amevaa gauni lako la kazini, na miwani ya waya aliyoitengeneza mwenyewe, anatembea kwa kuvuta mguu kama wewe, anawaambia waombolezaji, "Karani nimerudi, nani hajasaini?" Hata imamu aligeuka pembeni kuficha meno. Kisha akaiona chupa. Akaichukua taratibu, akaipakata kama mtoto mchanga, akakaa nayo mkekani. "Mwajuma hakuzaa, wenzangu. Kumbe alizaa. Mrithi huyu hapa. Nani anamgomboa?"

Watu wakarudi nyuma. Kaka yetu Shabani akasema, "Mimi simo." Chausiku akaanza kutangaza kwamba ukoo wetu unatupa watoto. Unajua desturi: mtani akinyakua kitu cha marehemu, lazima mtu wa ukoo akikomboe, na anayekikomboa mbele ya msiba kimekuwa chake, hakirudi. Wanangoja, chakula kinapoa, na mimi najua hesabu ambayo wao hawaijui. Najua kwamba huyo aliye chali hafiki kesho. Nikatoa noti nikamtupia Chausiku mapajani, nikasema kwa sauti ili tumalize, "Nimemgomboa. Nitamtunza mpaka afe."

Wakanipigia vigelegele. Nilijiona mjanja.

Asubuhi yake nikafungua kitambaa nilichofunikia chupa nikakuta buibui wawili. Mmoja mwepesi kama ganda la karanga, mtupu, mgongo umepasuka. Wa pili amesimama pembeni yake, anang'aa, manyoya mapya. Nikahesabu miguu. Nikahesabu tena. Minane. Wa nane mwembamba, rangi yake hafifu, kama mguu wa mtu aliyetolewa plasta, lakini upo.

Chausiku alicheka mpaka akakaa chini. "Hadija hodari wa hesabu," akasema, "leo umehesabu maiti aliye hai." Akanibandika jina la Mgombozi, nalo limenifuata mpaka Mikumi. Hata madereva wananiita hivyo.

Kwa nini hukuniambia? Miezi saba tumekaa pamoja, umenieleza mpaka aina ya panzi anaowapenda, hukuniambia kwamba buibui akilala chali anajivua gamba, na akifa kweli hukunja miguu chini ya tumbo bila kugeuka chali. Sentensi moja, Dada. Ningenyamaza pale mkekani, na leo ningekuwa Morogoro.

Wiki tatu baadaye yule wakala akalala kwangu, chumba namba mbili. Akaiona chupa kaunta. Akauliza kama nimehifadhi gamba, nikamletea, akalilowesha maji akalikunjua kwa kijiti kama fundi saa. "Jike," akasema. "Una bahati, mama. Dume akikomaa hakai muda mrefu, anakufa. Jike anakaa miaka ishirini, na zaidi akitunzwa."

Ishirini. Sikuhitaji kalamu. Arobaini na moja na ishirini.

Akanitajia bei. Sitakuandikia bei yenyewe, ila ingetosha kupaka rangi vyumba vyote sita. Alisema, "Sasa kakamilika, namchukua." Nami nilikuwa nimeshanyoosha mkono kupokea, Wallahi. Kilichonikwamisha ni lile neno, kakamilika. Nikamwona amekaa gulioni anahesabu miguu, na wewe umesimama mbele yake na barua yako ya kupunguzwa kazi ndani ya mkoba. Nikamwambia, "Ulimkataa akiwa na saba." Hakukumbuka. Akaniona mwendawazimu, akalipa chumba, akaondoka, na alijikuna mpaka anaingia garini.

Kwa hiyo kuuza nilishindwa. Mama Zaituni naye akaleta neno kupitia konda wa basi: "Njoo wewe, mdudu abaki. Bwana afya akimkuta mgahawani tunafungiwa." Ana haki. Nikatafuta wa kumwachia. Shabani, hapana. Mzee Kibwana alisema anajua kuwachimba, kuwalea hajui. Jirani yangu muuza mkaa alinifungia mlango kabla sijamaliza salamu. Watu saba niliwauliza.

Juzi, Ijumaa, nikafunga gesti, nikaenda Ulaya. Nikasema kiapo ni cha kumtunza, na kumrudisha kwao ni kumtunza pia. Nilikuwa nimeipanga hoja hiyo vizuri kwa ajili ya Chausiku. Mzee Kibwana akanionyesha kilima alikomtoa, akaniacha. Nikaona mashimo yao yamezungushiwa nyuzi mdomoni. Nikalaza chupa chini karibu na shimo tupu, nikafungua kifuniko, nikakaa.

Nilikaa tangu adhuhuri mpaka alasiri. Alifika mdomoni mwa chupa mara mbili. Mara ya kwanza akatoa miguu miwili ya mbele, akagusa majani, akarudi. Mara ya pili akatoa na ule mwembamba. Akaugusisha chini, akaunyanyua, akaugusisha. Kisha akarudi mpaka mwisho wa chupa, akajikunyata kwenye udongo wako uleule.

Nilikuwa na kijiti mkononi. Kumsukuma nje ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Nikanyanyuka, nikatembea hatua kadhaa bila kijiti, nikisema nitamwacha tu na chupa yake wazi, akitaka atoke, asipotaka shauri yake, kesho nitapita kumwangalia. Siku mbili hazimuui mtu.

Nilisikia sauti yako kabisa, Dada. Nikasimama.

Nikarudi nikafunga kifuniko. Nililia pale kilimani kilio ambacho sikulia siku ya viti nje, na nilikutukana pia, ujue, kisha nikakuomba radhi kwa vyote viwili. Ulisema nenda kwa sababu ulijua nataka kwenda. Na mimi nilikwenda kwa sababu nilitaka uniambie hivyo. Hesabu hiyo nimeipiga mara nyingi na haitoi jibu jingine.

Jana konda alileta jibu la mwisho. Mama Zaituni kapata mshirika mwingine. Basi. Nimekaa hapa, malori yanapita kwenda Iringa, yanapita kwenda Morogoro, na mimi sipiti. Sitakudanganya kwamba nimeridhika. Ipo saa nikimtazama mle ndani anazunguka ukutani mwa kioo, naona kama ni mimi niliyefungiwa mle.

Lakini mimi si mtu wa kukaa na kunguni miaka ishirini. Kesho fundi anaanza kibanda uani, hatua ishirini na mbili kutoka vyumbani, upande upepo unakotokea, dari lake peke yake. Bibie akihamia huko nitapuliza gesti nzima, vyumba vyote sita. Zile chupa nne bado zipo chini ya kaunta.

Ulale salama, Dada yangu. Panzi wake nitakamata, Ijumaa kwa Ijumaa, mpaka nishindwe kuinama. Na kwa sababu huenda nikatangulia mimi nikamwacha yeye, nimeshamwita Chausiku nikamwagiza. Siku ya arobaini yangu, akiichukua hii chupa na kuipakata, kabla hajapokea noti ya mtu amwambie ukweli wote: kwamba anauma, kwamba hataki dawa, kwamba akilala chali yu hai, na miaka iliyobaki ni mingapi. Nitakuwa nimemwandikia. Anayemchukua amchukue akijua.

Ni mimi mdogo wako,
Hadija